Padre Damien, Mtumishi wa Wakoma

Katika nchi ya Ubelgiji, si mbali na mji wa Leuven, kuna kijiji kiitwacho Tremelo. Hapo kale watu wake walikuwa wakulima, na mmoja wao, Frans De Veuster, alilima nafaka na kuiuza. Tarehe 3 Januari mwaka wa 1840 mkewe alimzalia mtoto mwanamume, naye akabatizwa jina la Jozef. Nyumba ile ilikuwa nyumba ya sala. Wakati wa jioni mama aliwasomea wanawe habari za watakatifu, na maneno yale hayakuanguka bure, maana mabinti wawili walikuwa watawa, na mwana mmoja, Auguste, aliingia Shirika la Mioyo Mitakatifu ya Yesu na Maria huko Leuven, akapewa jina la Pamphile.

Jozef hakutazamiwa kuwa padre. Alikuwa kijana mwenye mabega mapana na mikono ya kazi, na baba yake aliona kwamba huyu ndiye atakayefaa kushika biashara ya nafaka. Kwa hiyo akampeleka shule katika mji wa Braine-le-Comte ajifunze Kifaransa, lugha ya wafanya biashara. Lakini moyo wa kijana haukuwa katika kupima magunia. Mwanzoni mwa mwaka wa 1859 baba yake akamchukua kwenda kumtazama Pamphile, akamwacha huko kwa muda, mwenyewe akaenda katika shughuli zake mjini. Aliporudi kumchukua, kijana akamwambia kwamba hatarudi tena nyumbani, afadhali waagane pale pale. Mzee akaenda zake peke yake.

Wakubwa wa shirika walimpokea, lakini walimwona kuwa mtu wa jembe na shoka, wala hajui Kilatini, na siku zile hapakuwa na mtu aliyeweza kupata upadre bila Kilatini. Jozef hakunung'unika. Akavaa kanzu ya watawa, akaitwa Damien, akafanya kazi alizopewa. Ndugu yake akaanza kumfundisha maneno machache ya Kilatini, na Damien akayashika upesi, hata baada ya miezi michache wakubwa wakageuza shauri lao, wakamruhusu asome pamoja na wanafunzi wa upadre.

Katika mwaka wa 1863 Pamphile alichaguliwa kwenda visiwa vya Hawaii. Visiwa hivi viko katikati ya Bahari ya Pasifiki, mbali sana na kila nchi kubwa. Leo ni jimbo la Marekani, lakini siku zile vilikuwa ufalme wenye mfalme wake mwenyewe. Nauli ilikwisha kulipwa na mizigo kufungwa, ndipo Pamphile akaugua homa kali aliyoipata kwa kuwahudumia wagonjwa mjini. Damien alipoona ndugu yake hawezi kuinuka kitandani, aliandika barua kwa Mkuu wa Shirika aliyekaa Paris, akaomba kwenda badala yake. Hakuipitisha barua ile kwa mkubwa wa nyumba yake, kama ilivyokuwa desturi. Mkubwa akachukizwa, lakini jibu lilikuwa limekwisha kufika, nalo lilikubali. Ikumbukwe tabia hii ya kutokawia na ya kufanya jambo kwa kichwa chake, maana baadaye ilimletea sifa nyingi na taabu nyingi.

Merikebu ilikaa baharini karibu miezi mitano. Ikatia nanga Honolulu tarehe 19 Machi mwaka wa 1864, sikukuu ya Mtakatifu Yosefu, somo wake wa ubatizo. Tarehe 21 Mei mwaka ule ule akapewa upadre katika kanisa kuu la mji, akapelekwa kwenye kisiwa kikubwa kupita vyote, chenye mlima utoao moto. Huko alikaa miaka tisa. Alisafiri juu ya nyumbu na kwa miguu kupita mawe meusi ya moto uliozimika, akajifunza lugha ya wenyeji, akajenga makanisa madogo kwa mikono yake mwenyewe. Wenyeji hawakuweza kutamka vema jina lake, wakamwita Kamiano.

Basi katika miaka ile watu wa Hawaii walikuwa wakiteketea. Wageni waliotoka nchi za mbali walikuwa wameleta maradhi ambayo miili ya wenyeji haikuyajua, kama ndui na surua, na maelfu wakafa. Kisha ukazidi ukoma. Hakuna aliyejua sababu ya ugonjwa huu wala dawa yake. Serikali ikaingiwa na hofu, na katika mwaka wa 1865 ikatolewa sheria kwamba kila mwenye ukoma atengwe na watu. Mahali palipochaguliwa ni kisiwa cha Molokai, upande wa kaskazini, kwenye rasi iliyo tambarare. Mbele na kando yake ni bahari yenye mawimbi makali, na nyuma yake magenge yanasimama kama ukuta, urefu wake zaidi ya futi 1,500. Hapakuhitaji askari wengi wa kulinda gereza la namna hiyo. Wagonjwa wa kwanza walishushwa huko tarehe 6 Januari mwaka wa 1866.

Ni vigumu kueleza huzuni ya sheria ile. Mtu alionekana ana baka mwilini. Akashitakiwa, akakamatwa, akapimwa na daktari, akatiwa chomboni. Mama alitengwa na mtoto, mume na mke. Wengine walikimbilia misituni, na wengine, ingawa ni wazima, walikubali kwenda pamoja na wagonjwa wao kuliko kuwaacha. Serikali ilidhani kwamba wagonjwa watalima magimbi na kujilisha wenyewe. Lakini mtu aliyekatika vidole atashikaje jembe? Wenye nguvu waliwanyang'anya wanyonge chakula na nguo. Wengine walipika pombe kali kwa mizizi ya miti, wakalewa kusudi wasahau. Kila mgeni aliyeshuka aliambiwa kwamba mahali pale hapana sheria. Maiti walizungushiwa mkeka na kufukiwa karibu karibu, hata nguruwe na mbwa wakawafukua.

Makanisa madogo yalikuwako, na Wakatoliki walikuwa na lao, la Mtakatifu Filomena, lililojengwa katika kijiji cha Kalawao mwaka wa 1872. Lakini padre wa kukaa hapakuwa. Askofu Louis Maigret alikuwa mtu mwenye huruma, walakini hakuthubutu kumwamuru padre yeyote kwenda kukaa kati ya wakoma, kwa kuwa aliona ni kama kumwamuru kufa. Mwezi wa Mei mwaka wa 1873 mapadre walikuwa wamekusanyika katika kisiwa cha Maui kulitakasa kanisa jipya. Askofu akawaeleza huzuni yake. Mara mapadre wanne wakajitoa, Damien akiwa mmoja wao, na shauri likawa kwamba watapokezana zamu, kila mmoja miezi michache. Damien akaomba zamu ya kwanza. Hakurudi kwanza nyumbani kwake kuaga wala kuchukua nguo. Tarehe 10 Mei akashuka Molokai pamoja na Askofu, na chombo kile kile kilichukua kundi la wagonjwa wapya na ng'ombe wa kuchinjwa. Alikuwa na umri wa miaka 33.

Askofu aliporudi chomboni, Damien akabaki na kitabu chake cha sala. Nyumba hakuwa nayo, na kulala katika vibanda vya wagonjwa hakukuwezekana. Karibu na kanisa ulikuwako mti wa jamii ya mkadi, ule ambao wanawake wa pwani ya Afrika ya Mashariki hupenda maua yake yenye harufu. Chini ya mti huo alilala siku nyingi za kwanza. Upesi akawaandikia wakubwa wake kwamba yu tayari kubaki huko siku zote, na ile zamu ya watu wanne ikakoma.

Isidhaniwe kwamba hakuona karaha. Harufu ya vidonda ilikuwa mbaya mno, na mara nyingine katika kusikiliza maungamo au kutoa Mpako wa Mwisho ilimbidi kutoka nje apate hewa, kisha akaingia tena. Akaanza kuvuta kiko, kusudi moshi wa tumbaku uipunguze harufu ile katika nguo zake. Alikuwa ameonywa na wakubwa asimguse mgonjwa yeyote. Lakini mtu atampakaje mgonjwa mafuta matakatifu asimguse? Atamfungaje kidonda? Tena kwa watu wa Hawaii kula ni kuketi pamoja na kuchovya vidole katika bakuli moja la magimbi yaliyopondwa. Wao walikuwa wamekwisha kukimbiwa na kila mtu. Kama padre naye angekaa mbali, na sahani yake pembeni, wangejua mara moja kwamba anawaogopa kama wengine. Damien akaketi, akala nao. Kiko chake wengine waliazima na kukirudisha. Na katika mahubiri, tangu mwaka ule wa kwanza, hakusema habari za wakoma kana kwamba ni watu wengine. Alijihesabu pamoja nao.

Kisha akashika shoka na msumeno. Akavuta maji safi kwa mabomba toka bondeni hata karibu na nyumba za watu, maana zamani waliyachota mbali na kuyachukua kwa mabega yenye vidonda. Tufani ilipobomoa vibanda, akaisumbua serikali mpaka ikaleta mbao, naye pamoja na wagonjwa waliokuwa bado na nguvu akajenga nyumba zilizoinuliwa juu ya ardhi. Akajenga nyumba za yatima, wavulana kwao na wasichana kwao. Akalikuza kanisa, na sakafuni akatoboa matundu, ili wale ambao ugonjwa uliwafanya wateme mate mara kwa mara wasione haya kuja katika Misa. Aliwavamia wapika pombe kwa fimbo na kuvipasua vyombo vyao, na hakuwa mpole katika kazi hiyo.

Zaidi ya yote aliwashughulikia wafu. Alitengeneza majeneza, mamia kwa mamia, akachimba makaburi yenye kina, akazungusha ua wa mbao. Akaunda chama cha mazishi chenye ngoma na zumari na bendera, hata maskini wa mwisho akazikwa kwa heshima na nyimbo. Watu waliokuwa wakingoja kufukiwa kama mbwa wakaanza kujitia katika chama, na kabla ya kufa wakajua nani atawaimbia. Wale waliopungukiwa vidole walipiga kinanda wawili wawili, kila mmoja akijaza kwa vidole vyake nafasi ya vile alivyokosa mwenzake. Wageni waliofika walistaajabu kusikia kwaya njema mahali pale.

Kuna taabu moja iliyomwumiza kuliko harufu na kazi, nayo ni upweke. Muda kidogo baada ya kufika kwake, serikali ikatoa amri kwamba yeye naye asitoke Molokai, wala mtu asimwendee. Padre pia ni mtu mwenye dhambi, naye huhitaji kuungama kwa padre mwenziwe. Siku moja mkubwa wa shirika lake katika visiwa vile, Padre Modeste, alipita katika merikebu, akataka kushuka. Nahodha akamkatalia. Damien akaja kwa mashua ndogo mpaka ubavuni mwa merikebu, akakatazwa kupanda. Basi akasimama katika mashua ile iliyokuwa ikirushwa na mawimbi, mkubwa wake akainama juu ya ukingo, na Damien akaungama dhambi zake kwa sauti kuu, mbele ya mabaharia na abiria, kwa lugha ya Kifaransa, akitumaini kwamba wengi hawaielewi. Padre Modeste akainua mkono, akamwondolea dhambi. Kisha merikebu ikaondoka, na mashua ikarudi pwani. Baadaye amri ile ikalegezwa, lakini kwa miaka mingi alipita miezi mizima asione uso wa padre mwingine.

Hata jioni moja ya mwezi wa Desemba mwaka wa 1884, aliporudi amechoka, akatia miguu yake katika maji ya moto. Ngozi ikavimba malengelenge, naye hakuona maumivu yoyote. Damien alikuwa amewatazama wakoma miaka kumi na moja. Hakuhitaji kufundishwa maana ya ganzi ile. Mwaka uliofuata daktari alimthibitishia. Akaendelea na kazi kama kawaida, tena kwa haraka zaidi, kama fundi aonaye jua linakuchwa na paa halijaezekwa.

Miaka ile ya mwisho haikuwa ya amani. Habari zake zilikuwa zimeenea duniani, na padre mmoja wa Kanisa la Uingereza, Hugh Chapman wa London, ingawa hakuwa Mkatoliki, alimchangishia karibu pauni 1,000. Jambo hilo liliwaudhi baadhi ya watu wa serikali, walioona ulimwengu unaambiwa kwamba wao hawatunzi wagonjwa wao. Hata wakubwa wake wa shirika walimshuku kwamba anatafuta sifa. Damien aliumizwa sana na shaka hiyo. Ni kweli alikuwa mkaidi na mwepesi wa hasira, na aliyefanya kazi naye alihitaji uvumilivu. Lakini watu walikuja kumsaidia, wakabaki. Mwaka wa 1886 akaja Joseph Dutton, Mmarekani aliyekuwa askari zamani, akakaa na wagonjwa wale zaidi ya miaka arobaini. Mwaka wa 1888 akaja padre mwenziwe wa Ubelgiji, Louis Conrardy, na mwezi wa Novemba mwaka huo wakaja Mama Marianne Cope na masista wawili Wafransisko.

Mama Marianne alikuwa mtu wa namna nyingine. Alikuwa amesimamia hospitali Marekani, naye aliwaamuru masista wake kunawa mikono kila mara na kushika usafi bila kukosa. Hakuna hata mmoja wao aliyepata ukoma, na yeye mwenyewe alikufa Molokai mwaka wa 1918 kwa ugonjwa mwingine. Kwa hiyo wako waliosema kwamba Damien aliutafuta ugonjwa kwa uzembe. Katika mwaka ule ule alioshuka Molokai, 1873, daktari wa Norway aitwaye Hansen aligundua kijidudu cha ukoma, lakini habari hizo zilikuwa mbali na Kalawao, na mtu mmoja mwenye wagonjwa mamia, bila msaidizi wala maji ya kutosha, hakuwa na nafasi ya kunawa kila aguswapo. Pengine Damien angaliweza kujilinda zaidi. Lakini masista walipofika walikuta watu waliokwisha kujua tena kwamba wao ni watu.

Alikufa tarehe 15 Aprili mwaka wa 1889, Jumatatu ya Juma Kuu, mwenye miaka 49. Wagonjwa wakamzika chini ya mkadi ule alioulalia usiku wa kwanza.

Hazijapita siku nyingi, mchungaji mmoja wa Honolulu akaandika barua ya kumtukana marehemu, kwamba alikuwa mchafu na mkaidi, na kwamba ugonjwa aliupata kwa mwenendo mbaya. Barua ikachapwa magazetini. Mwandishi mashuhuri wa Scotland, Robert Louis Stevenson, alikuwa amefika Molokai majuma machache baada ya kifo cha Damien, akakaa huko siku kadhaa na kuwauliza watu, wakiwamo wasiompenda padre. Yeye pia hakuwa Mkatoliki. Mwaka wa 1890 akatoa barua ya wazi ya kujibu. Hakuficha makosa ya Damien, bali aliyataja moja moja. Kisha akauliza wapi walikuwa watu safi wa Honolulu wakati mtu yule mchafu alipokuwa akiosha vidonda. Barua ile ilisomwa katika nchi nyingi.

Dawa ya kweli ya ukoma ilifika Molokai baada ya Vita Kuu ya Pili, na mwaka wa 1969 sheria ya kuwatenga wagonjwa Hawaii ikafutwa. Katika miaka yote ya sheria ile watu wapatao 8,000 walipelekwa kwenye rasi ile. Leo ukoma huponywa kwa vidonge, na mgonjwa aliyeanza dawa mapema hahitaji kutengwa na mtu yeyote.

Katika mwaka wa 1936 serikali ya Ubelgiji iliomba mwili wa Damien urudishwe kwao. Kaburi likafunguliwa, na wagonjwa wa Molokai wakahuzunika, kwa kuwa walimhesabu kuwa wao. Mfalme Leopold wa Tatu alikuja mwenyewe bandarini Antwerp kuupokea, na ukazikwa Leuven, mji ule ambao baba yake alimwacha. Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Mwenye Heri mwaka wa 1995, na Benedikto wa Kumi na Sita akamtangaza Mtakatifu tarehe 11 Oktoba mwaka wa 2009. Lakini watu wa Molokai hawakuacha kumdai. Mwaka ule wa 1995 walirudishiwa mkono wake wa kuume, wakauchukua mpaka Kalawao, wakauzika katika lile kaburi la kale, kando ya kanisa la Mtakatifu Filomena.